Obradović: Kocha aliyetawala Ulaya akiwa na klabu tano

UKUFUNZI wa mpira wa vikapu barani Ulaya ni kazi isiyo na uhakika wa kesho. Kocha hutia saini mkataba wa miaka michache, na matokeo mabaya ya majuma kadhaa hutosha kumwachisha kazi. Ndiyo maana rekodi ya Željko Obradović, raia wa Serbia, ingali gumzo. Ametwaa ubingwa wa klabu barani humo mara tisa, akiwa na klabu tano za nchi nne tofauti. Hakuna kocha mwingine aliyefikia idadi hiyo.

Obradović alizaliwa mwaka 1960 mjini Čačak. Akiwa mchezaji, alikuwa katika kikosi cha Yugoslavia kilichopata nishani ya fedha kwenye Olimpiki za 1988 na kutawazwa bingwa wa dunia mwaka 1990. Mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 31, aliacha kambi ya timu ya taifa na kupokea mikoba ya kuinoa klabu yake, Partizan ya Belgrade, ilhali hakuwa amewahi kufunza timu yoyote. Mkufunzi mkongwe Aleksandar Nikolić alikubali kumshauri.

Wakati huo vita vilikuwa vikiigawanya Yugoslavia. Partizan ililazimika kuchezea takriban mechi zake zote za nyumbani za Ulaya mjini Fuenlabrada, Uhispania. Hata hivyo, vijana hao walifika fainali jijini Istanbul mnamo Aprili 1992, na mtupo wa Aleksandar Djordjević katika sekunde za mwisho ukawapa ushindi wa 71-70 dhidi ya Joventut ya Badalona. Kutokana na vikwazo vya Umoja wa Mataifa, hawakuruhusiwa kutetea taji hilo.

Ajabu ni kwamba Joventut, iliyoumizwa na kocha huyo kwa pointi moja, ndiyo iliyomwajiri mwaka 1993. Aliipa ubingwa mwaka uliofuata kwa kuilaza Olympiacos ya Ugiriki 59-57. Mwaka 1995 alirudia ufanisi huo akiwa na Real Madrid.

Ugumu wa mafanikio hayo unatokana na mfumo wenyewe wa mashindano. Tangu 1988, kwa kawaida bingwa amekuwa akipatikana kwa timu nne kukutana katika mji mmoja, ambapo nusu fainali na fainali huamuliwa kwa mechi moja moja tu. Anayeteleza usiku huo hana marudio. Fauka ya hayo, klabu hushiriki pia ligi ya nchi yake, hivyo kocha hana budi kugawa nguvu za wachezaji wake msimu mzima. Obradović alisisitiza ulinzi, nidhamu na kugawana mpira, na hakusita kumfokea nyota yeyote aliyekiuka maagizo.

Baada ya kufunza Treviso nchini Italia, alihamia Panathinaikos ya Ugiriki mwaka 1999. Alidumu huko miaka 13, akanyakua mataji matano ya Ulaya na 11 ya ligi ya nchi hiyo. Akiwa na Fenerbahçe ya Uturuki, alishindwa na CSKA Moscow katika muda wa ziada kwenye fainali ya 2016. Mwaka uliofuata aliicharaza Olympiacos 80-64 jijini Istanbul, na Fenerbahçe ikawa klabu ya kwanza ya Uturuki kutwaa taji hilo.

Hata hivyo, njia yake haikukosa miiba. Mwaka 2005 timu ya taifa ya Serbia na Montenegro, iliyokuwa chini yake, ilibanduliwa mapema katika mashindano ya Ulaya yaliyoandaliwa nyumbani, naye akajiuzulu. Alirejea Partizan mwaka 2021 na kushinda ligi ya kanda ya Adria mwaka 2023 na 2025. Lakini mnamo Novemba 2025, baada ya msururu wa vichapo, aliachia ngazi. Mashabiki walijitokeza kumsihi abaki, ila hakubadili uamuzi wake.