Usifute Sauti ya Nkambo

Jioni ya leo angalia watoto wako. Kama umeme uko, utawakuta wameinama juu ya telefone ya baba ao ya mama, wanacheka michezo ya watu wa mbali. Wewe unapaza sauti: "Weka chini kile kintu!" Mimi pia nilikuwa nasema vile. Basi sikiliza kwanza kosa langu.

Binti yetu wa miaka 9 alizoea kuchukua telefone yangu na kwenda kukaa na mama yangu, nkambo wake, kwenye barza. Nilifikiri anacheza tu. Kumbe alikuwa anamwuliza nkambo habari za zamani na kukamata sauti yake: namna alivyofika kwenye kambi ya wafanyakazi na mbabula moja na sufuria mbili, na namna alivyouza makala ili tule, wakati kazi ya baba yangu ilipokwisha mwaka 2003. Nkambo alipenda kukata hadithi katikati na kusema: "Ingine kesho."

Siku moja nilitaka kukamata video ya kwaya. Telefone ikakataa, haikuwa tena na pahali. Nikafuta vyote vya mtoto, bila kusikiliza hata kimoja. Nyuma ya juma mbili mama akaugua, akafariki. Tulipotoka kuzika, binti akanijia:

"Papa, sauti ya nkambo iko wapi?"

"Nilifuta, mwanangu. Hakukuwa pahali."

Hakulia. Aliniuliza tu: "Sasa nani ataimaliza ile hadithi?"

Ndugu zangu, nimehubiri miaka mingi, lakini ulizo lile halikuwa na jibu.

Tumezoea kusema kama mtoto mwenye kubuni mambo ni mwongo, na mwenye kuuliza sana hana heshima. Sivyo. Yoshua alisimamisha mawe 12 kusudi watoto wapate kuuliza maana yake (Yoshua 4). Mtoto anayeuliza anataka kujua yeye ni nani.

Na sisi wa Katanga si watu wasio na hadithi. Mwaka 1965, hapa Lubumbashi, watu waliokuwa wamefanya kazi katika nyumba za Wazungu walitaka habari zao zisipotee. André Yav akaziandika, kwa Kiswahili kilekile cha mjini. Katika miaka ya 1973 na 1974, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi yetu kwa picha zaidi ya 100, na juu ya kila picha alieleza kwa mdomo wake. Sauti na picha pamoja! Huko Marekani, mwaka 1994, Joe Lambert na wenzake walianza kufundisha watu wa kawaida, katika mji wa San Francisco, kutengeneza hadithi fupi za maisha yao kwa sauti yao wenyewe na picha chache, kwa kompyuta. Kazi hiyo imeenea sana. Lakini mzizi wake tunaujua: ni Tshibumba na picha yake, ni nkambo kwenye moto na hadithi ya Kalulu.

Tena ile telefone si kitu kigeni kabisa. Waya zake ni za shaba, na kobalti iko ndani ya betri yake. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika inchi yetu, zaidi sana upande wa Kolwezi. Bulongo yetu inatoka, inarudi ikiwa telefone, na ndani yake mnakuwa hadithi za watu wengine tu. Je, hiyo ni vizuri?

Sasa utafanya namna gani? Jaribu siku ya posho, nyuma ya chakula.

1. Anza kwa mdomo. Kaeni pamoja, zima telefone. Mwombe mtoto achague kitu kimoja cha nyumba: kaske ya baba, sufuria ya zamani, foto iliyokunjika. Aeleze habari yake. Usimkate, usimsahihishe Kiswahili. Kama anatia simba ndani ya mgodi, acha simba aingie.

2. Aandike ndani ya kaye, ukurasa mmoja tu. Yule asiyejua kuandika, mkubwa wake amwandikie maneno yake sawa alivyoyasema.

3. Achore picha 6 ao 8 kwa kreyo ao makala. Kiisha mpige foto ya kila moja, mchana, karibu na dirisha.

4. Kamata sauti. Tafuta chumba kisicho na kelele, weka telefone karibu na mdomo, kadiri ya shibiri moja. Dakika mbili zinatosha. Kazi hii haiombi mega hata moja.

5. Unganisha. Kama telefone iko na programu ya kupanga video, kijana wa jirani atakuonyesha. Kama haiko, cheza sauti, na mtoto ageuze picha zake mbele ya watu. Ni hadithi ileile.

6. Tunza. Weka nakala mbili: moja ndani ya telefone, moja ndani ya kadi ya memwari, kwenye sanduku la barua za nyumba. Nasema hivi kwa uchungu.

Chunga pia. Usitume hadithi ya mtoto kwa watu usiowajua. Kama anaeleza njaa, kipigo ao kilio, usimcheke, usimwadhibu. Labda ni siku ya kwanza amepata mlango wa kusema. Mzee akikataa kukamatwa sauti, mheshimu.

Nimalize ya kwetu. Binti yangu hakungoja niombe msamaha mara mbili. Alikaa chini, akachora yote aliyokumbuka: barza, gunia la makala, mbabula, sufuria mbili. Kwa sehemu iliyokatika tulimpigia shangazi yangu wa Likasi, aliyeishi na mama wakati ule, naye akaimaliza. Mtoto akasema yote kwa sauti yake mwenyewe.

Siku ya kumaliza kilio tuliicheza mbele ya watu. Wazee waliofanya kazi na baba yangu walinyamaza kabisa. Kiisha mmoja akainua mkono: "Hapana, mutoto. Sufuria zilikuwa tatu. Moja ilikuwa ya bibi yangu, aliwaazima." Watu wakacheka, yeye akafuta machozi, na binti akakimbia kuchukua kreyo kuongeza ya tatu.

Sauti ya mama yangu haitarudi. Ya kwako, msomaji, labda ingali kwenye barza. Leo mpe mtoto telefone, umwambie: nenda ukamwulize.