Zawadi ya Mshindi Ihesabiwe Hadharani

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Katika viwanja vya vumbi vya Eastlands, hapa Nairobi, nimeshuhudia deni la namna hiyo likilipwa na mtu ambaye hakukopa.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka kadhaa iliyopita palikuwa na fainali ya mchuano wa kandanda katika mtaa ambao jina lake nitalisitiri. Mechi ilipokwisha, mgeni wa heshima alishika kipaza sauti akatangaza kwamba timu iliyoshinda ingepata Sh60,000. Umati ulishangilia, na nahodha akapokea bahasha kwa mikono miwili huku akipigwa picha. Jioni bahasha ilipofunguliwa, mlikuwa na Sh20,000. Wachezaji wenzake walikuwa wameisikia ile sitini kwa masikio yao wenyewe, kwa hivyo hawakuona ni nani mwingine wa kushukiwa ila yeye. Alipokonywa simu, akapigwa, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amehamia kwa shangazi yake mbali na mtaa aliozaliwa. Timu ilisambaratika. Aliyetangaza hakuulizwa neno.

Kijana huyo ni mwana wa jirani ya mama yangu, nami ndiye niliyeombwa kusuluhisha. Nilimwuliza kwa nini hakuzihesabu pesa pale pale uwanjani. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la aibu.

"Mwalimu," akasema, "utahesabuje zawadi mbele ya mtu aliyekupa?"

Jibu hilo lilinikaa moyoni kwa sababu kazi yangu ni maneno, na kijana alikuwa amelitumia neno kwa usahihi kamili. Katika Kiswahili zawadi ni kitu apewacho mtu kwa hiari na mapenzi ya mtoaji. Asili ya neno hili huhusishwa na neno la Kiarabu lenye maana ya masurufu ya safari, yaani kile ambacho mwenyeji humfungia mgeni anapoondoka. Mgeni mwenye adabu hakifungui kifurushi mlangoni ili akikague. Tuzo nalo linatokana na kitenzi tuza, ambacho kwa kawaida humhusu mcheza ngoma au mwimbaji anayepewa pesa na mtazamaji aliyefurahishwa naye. Hapo pia kadiri ni ya mtoaji: akipenda atatoa noti, akipenda atatoa sarafu. Ujira ni neno lenye tabia nyingine. Ujira hupatanwa kabla ya kazi, huhesabiwa mbele ya anayelipa, na ukipungua hudaiwa bila haya. Magazeti yetu yameongeza "kitita" na "donge nono", maneno yanayotuonyesha ukubwa wa pesa bila kutueleza zimetoka wapi wala ni nani aliyezikadiria.

Nashikilia kwamba pesa za mshindi, ingawa twaziita zawadi, ni ujira. Hutokana na jasho na michango ya watu wengi, na kwa hivyo zapaswa kukadiriwa kwa kanuni iliyo wazi kabla ya kipenga cha kwanza kulia.

Hali haikuwa hivi tangu zamani. Nilikulia Maringo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 bingwa wa mtaa alipata mpira mpya, kreti mbili za soda na, mara mojamoja, mbuzi. Mbuzi hana utata. Kila mtu humwona akiletwa, na siku hiyo hiyo huliwa na wote. Pesa zilipoingia uwanjani ndipo siri nayo ilipoingia.

Hata hivyo, mkono wa mfadhili ni wa kale kuliko sote. Kombe la kwanza kubwa la soka kati ya nchi zetu za Afrika Mashariki, lililoanza mwaka wa 1926, liliitwa Gossage, jina la watengenezaji wa sabuni. Tangu mwanzo, basi, aliyetoa kombe alinunua jina. Eastlands imezaa utaratibu wake pia. Huko Ziwani, mchuano wa Koth Biro umechezwa tangu 1978, na jina lake la Kijaluo lina maana ya "mvua yaja". Huchezwa wakati ligi imepumzika, na hapo wachezaji wenye majina makubwa hurudi kusakata gozi pamoja na vijana wa mitaani. Watazamaji hufurika kandokando ya uwanja.

Ni kandokando huko ndiko kwenye fundo la hesabu. Viwanja vingi vya mitaani havina ukuta wala lango, na pasipo lango hapana tiketi. Zinabaki njia mbili tu za kupata pesa: kiingilio cha timu na mifuko ya wafadhili.

Baada ya mkasa wa nahodha yule, niliombwa kujiunga na kamati ya mchuano wa mtaa mwingine, na hesabu yetu naiweka hapa kama ilivyokuwa. Timu zilikuwa 16, kila moja ikilipa Sh3,000, jumla Sh48,000. Kwa mtindo wa kutoana, timu 16 hucheza mechi 15. Waamuzi walitaka Sh1,200 kwa kila mechi, yaani Sh18,000. Mipira ilikuwa Sh5,000; chokaa, dawa na mengineyo Sh6,000. Gharama zikawa Sh29,000, na katika kiingilio tukabakiwa na Sh19,000. Wenye maduka, kinyozi na wenye matatu walichanga Sh21,000. Mwanasiasa mmoja alituahidi Sh100,000 kwa masharti mawili: mchuano uitwe kwa jina lake, na pesa zote apewe bingwa peke yake. Tulimjibu kwa heshima kwamba mchango wowote ungepokelewa kabla ya mechi ya kwanza na kuandikwa daftarini chini ya ule wa kinyozi. Alituma Sh10,000. Tulizipokea, tukaziandika, tukamshukuru. Hivyo kamati ilikuwa na Sh50,000 mkononi, na mkononi ndilo neno tulilolishika. Kisichokuwa mkononi hakikuingia katika tangazo.

Sasa zigawanywe vipi? Vijana katika kamati walitaka bingwa azichukue zote, kwa hoja kwamba donge likiwa kubwa watu watacheza kwa moyo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka wa 1981 wanauchumi wawili wa Marekani, Edward Lazear na Sherwin Rosen, walieleza jambo hilo hilo: panapotolewa malipo kwa nafasi, tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ndiyo inayowasukuma washindani kujitahidi. Lakini msukumo ukizidi huzaa ufisadi. Eastlands twajua matokeo yake. Timu hukodi mamluki kutoka klabu za ligi, chipukizi wa mtaa wakaketi benchi, refa akatishwa, na mechi ikaishia katika mawe. Mzee mmoja katika kamati yetu, fundi wa viatu, aliuliza swali lililomaliza ubishi: "Mkimpa mmoja zote, mwakani atacheza na nani?"

Swali lake lilinikumbusha jambo nililoliona ugenini. Nilipokuwa nikisomea uzamifu katika jimbo la Indiana, Marekani, rafiki alinipeleka Ijumaa moja jioni kutazama magari ya mbio fupi katika uwanja wa Bloomington. Ni magari madogo yenye magurudumu yaliyo wazi na nguvu za kutisha. Hayaendi safari ndefu kama yale ya Safari Rally tuliyoyazoea. Huzunguka uwanja mdogo wa udongo mwekundu kama wa Kiambu, yakirusha vumbi hadi kwenye viti vya watazamaji. Nilichokikumbuka zaidi ni orodha ya malipo. Katika mashindano ya aina hiyo, fungu la pesa hukadiriwa kutokana na tiketi za watazamaji, ada za washindani na mafundi wao, pesa za wafadhili na, siku hizi, za matangazo. Kisha ngazi ya malipo hutangazwa mapema, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho katika mbio za fainali. Mara nyingi hata waliokosa kufika fainali hupewa kidogo cha kufidia safari.

Si kwamba hawajui madonge makubwa. Julai 2023, katika uwanja wa Eldora, jimboni Ohio, bingwa Logan Schuchart alijinyakulia dola 1,002,023, tarakimu iliyotungwa makusudi ili imalizikie na mwaka wenyewe. Lakini hata mzaha huo ulitangazwa kabla ya injini kuwashwa. Dereva aliyeingia alijua anashindania nini.

Wanariadha wetu nao wanaujua utaratibu huu vizuri kuliko sisi wa kandanda. Katika Riadha za Dunia za Stuttgart mwaka wa 1993 washindi walipewa magari ya Mercedes, na mwaka wa 1997 kule Athens ndipo pesa taslimu zilipoanza kulipwa. Katika mashindano ya Budapest mwaka wa 2023 mshindi wa kwanza alipata dola 70,000, na ngazi ikashuka hadi dola 5,000 kwa wa nane, wanawake sawa na wanaume. Msichana wa Kapsabet hakuhitaji kumsubiri mgeni wa heshima ili ajue stahiki yake.

Njia zote mbili tulizishuhudia nyumbani Agosti 2025, wakati wa michuano ya CHAN. Shirikisho la Soka la Afrika lilikuwa limekwisha kutangaza dola milioni 3.5 kwa bingwa. Kando yake, Rais wa nchi aliwaahidi wachezaji wa Harambee Stars Sh1 milioni kila mmoja kwa kila mechi watakayoshinda. Vijana walifurahi, nasi tulifurahi pamoja nao. Ila mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi wake tofauti iliyopo: ya kwanza ni kanuni, itakayomfaa yeyote atakayeshinda; ya pili ni hisani, itegemeayo moyo na mfuko wa aliyeahidi.

Na pesa taslimu sio malipo ya pekee. Kule Mathare, shirika la MYSA, lililoanzishwa mwaka wa 1987, liliweka kanuni kwamba timu inayosafisha mtaa wake huongezewa pointi katika jedwali la ligi. Kadhalika, vijana wanaojitolea kuongoza wenzao hushindania msaada wa karo, na karo hiyo hulipwa moja kwa moja shuleni. Walimu wanaosoma makala haya wanajua thamani ya risiti ya karo ikilinganishwa na noti iliyopitia mikono mitano. Kutoka katika mpango huo huo ilichipuka Mathare United, mabingwa wa Kenya mwaka wa 2008.

Kamati yetu iliafikiana hivi: bingwa Sh20,000, wa pili Sh12,000, timu mbili zilizotolewa nusu fainali Sh5,000 kila moja, na nne zilizotolewa robo fainali Sh2,000 kila moja. Jumlisha, utapata 50,000 kamili. Karatasi hiyo tuliibandika kwenye ukuta wa duka siku nne kabla ya mechi ya kwanza, na chini yake tukaorodhesha kila aliyechanga na alichochanga. Timu nane zilizotolewa raundi ya kwanza hazikupata kitu. Nakiri kwamba hilo bado linanikera, kwa kuwa Sh3,000 zao zimo ndani ya mfuko wa bingwa. Mwaka ujao nitapendekeza warudishiwe angalau nauli.

Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin alifundisha kwamba kuna maneno ambayo kuyatamka ni kutenda. Asemaye "naahidi" amekwisha kufanya jambo, si kulieleza tu. Kwa hivyo anayetangaza tarakimu kwa kipaza sauti amejifunga, na umati wote ni shahidi wake. Kosa letu ni kumwacha mtendaji aende zake, kisha tukamkaba koo aliyebeba bahasha.

Nawasihi walimu wa michezo na viongozi wa wanafunzi, ambao ndio waandaaji wa michuano ya kesho, washike mambo matatu. Wasitangaze pesa ambazo hazijafika. Waibandike ngazi ya malipo pahali pa wazi kabla ya mchezo kuanza. Na pesa zihesabiwe mezani, mbele ya manahodha na wachezaji wawili wa kila timu, kisha watie sahihi. Mali bila daftari huisha bila habari, na wakati mwingine huisha na jina la kijana asiye na hatia.

Siku ya fainali yetu tulizihesabu noti kwa sauti. Nahodha wa timu iliyoshinda aliona haya mwanzoni, akageuza uso kando kana kwamba ni utovu wa adabu kutazama. Nilimwambia azihesabu tena mwenyewe. Alizihesabu polepole, wenzake wakimfuatisha kwa pamoja hadi elfu ishirini, na hapo ndipo tulipompa kalamu.