Kifaa Kipo, Je, Kiko Tayari?

Msomaji wa Njoro, Molo au Naivasha aliyewahi kuunganisha Linux na intaneti kwa modemu ya USB ya Huawei E1550 ameshakutana na somo la kitabu hiki. Unaichomeka, taa inawaka, na kompyuta inakuonyesha CD. Kifaa kimejitambulisha kwa namba 12d1:1446, yaani diski yenye programu za Windows. Programu ya usb_modeswitch hukitumia ujumbe mfupi. Kifaa hujitoa, hurudi na namba 12d1:1001, na hapo ndipo ttyUSB0 hutokea ndani ya /dev. Hata hivyo, ukituma amri papo hapo, huenda usijibiwe: modemu ingali inajiandaa.

Nani humpasha nani habari? Kerneli hutangaza tukio kupitia soketi ya netlink: ACTION=add, njia ya kifaa ndani ya /sys, na namba ya mfuatano. Anayesikiliza ni programu ya udev, iliyoanzishwa na Greg Kroah-Hartman mwaka 2003. Huzipitia kanuni zake, hutoa majina na ruhusa, kisha huzijulisha programu nyingine. Programu hizo hazina haja ya kuuliza kila sekunde. Hulala kwenye epoll, mwito wa kusubiri matukio, mpaka kerneli iziamshe.

Ugumu uko kwenye neno "add". Linasema kifaa kimeonekana, wala halisemi draiva imekishika. Vifaa vingine huhitaji kwanza kupakiwa programu yao ya ndani, na sifa zao hazijulikani kabla ya hapo. Ndiyo maana Linux 4.14, mwaka 2017, ikaongeza tukio la "bind". Nyongeza hiyo ilikuwa ya lazima, lakini ilileta kizaazaa. Kanuni nyingi za udev zilikubali "add" na "change" tu. "Bind" ilipofuata, zilirukwa, na taarifa zilizokwisha kukusanywa zikapotea. Toleo la 247 la systemd, mradi unaoitunza udev, mwaka 2020, liliwataka waandishi wa kanuni wakatae "remove" peke yake na kupokea mengine yote. Kwangu mimi, hiki ndicho kisa cha kumfundisha mwanafunzi mapema kuliko vyote, maana kila aliyehusika alikuwa na sababu nzuri.

Karibu, basi. Huhitaji maabara. Fungua terminali, andika udevadm monitor, kisha chomeka flashi yoyote. Mistari ya KERNEL itatangulia, ya UDEV itafuata, kila mmoja na saa yake. Andika tofauti ya saa hizo pembeni mwa ukurasa. Sura ya kwanza inaanza nayo.