Abiria wa Nangurukuru

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayeamini hivyo apande basi Mbagala Rangi Tatu, ashuke Kilwa Masoko, kisha avuke kwa mashua hadi Kisiwani. Ataukuta Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11, na kuba zake ambazo nyingine bado zimesimama. Atapanda hadi Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hassan bin Sulaiman, lenye birika la pembe nane juu ya bahari. Halafu awahesabu wageni wenzake. Kuna siku vidole vya mkono mmoja vinatosha.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaingizwa pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa inamega ufuko na kuta zilikuwa zinaanguka. Yakakarabatiwa, na mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo. Bidhaa ikawa imepona. Wateja je? Kumtafuta mnunuzi ni kazi nyingine kabisa, na fundi wa chokaa na matumbawe hana lawama kwa kutoifanya.

Sisi tunaoshughulika na masoko, tukiitwa kufufua bidhaa iliyosahaulika, huanza na swali moja: mteja haijui, au anaijua ila haifikii? Dawa ya ugonjwa wa kwanza ni tangazo. Ugonjwa wa pili ukiutibu kwa tangazo, unachoma fedha. Na Kilwa inaumwa ugonjwa wa pili. Kila Mtanzania aliyekaa darasa la historia ya sekondari amewahi kuandika jina hilo kwenye mtihani, pengine pamoja na Ibn Battuta aliyefika hapo mwaka 1331. Kampuni nyingi zingelipa mabilioni zipate jina linalojulikana hivyo. Anachokosa mtu ni jibu la maswali madogo: nashukia wapi, kibali nakata ofisi gani, mashua ni bei gani, nitarudi saa ngapi?

Hilo la mashua ndilo kubwa kuliko linavyoonekana. Mgeni aliyekuja peke yake hulazimika kukodi chombo kizima. Wakiwa wanane, gharama inagawanyika na hakuna anayeisikia. Kwa hiyo yule wa kwanza, ambaye ndiye angewasimulia wengine, ndiye anayeumia zaidi. Ningekuwa na sauti Masoko, kabla ya kuchapisha bango hata moja ningeweka mashua ya Jumamosi saa tatu asubuhi, nauli kwa kichwa, inang'oa nanga hata kama abiria ni wawili. Miezi ya mwanzo itakula hasara, sikatai. Songo Mnara isubiri. Kule ni mbali zaidi, na maji yakipwa mgeni hushuka akatembea kwenye tope la mikoko.

Sasa tupige hesabu ambayo wengi huiruka. Tuseme umepeleka banda kwenye maonyesho ya utalii kwa shilingi milioni 4, ukapata wageni 20. Kila mmoja amekugharimu laki 2. Ikiwa kila mmoja ameacha laki moja Kilwa, umefilisika huku ukipigiwa makofi. Mtalii wa Serengeti ana siku zake kumi, na zilizobaki ameshaziahidi Zanzibar. Kumng'oa huko ni kumnunua kwa bei ya juu. Meli za kitalii zilizoanza kutia nanga miaka ya karibuni zinasaidia, lakini abiria wake hulala na kula melini. Mimi naziona kama kibao cha barabarani kuliko duka.

Mteja wa bei nafuu yuko Nangurukuru. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na watu wakaachana na kivuko cha Ndundu, mabasi ya Lindi na Mtwara hupita hapo kila siku, yakisimama kidogo tu kwenye njia panda ya Masoko. (Mvua zikikata barabara, kama zilivyofanya Somanga mwaka 2024, hesabu yote inalala; lakini hiyo ni makala nyingine.) Ndani ya mabasi hayo kuna walimu, watumishi wanaohama, wafanyabiashara wa ufuta na korosho, wanafunzi wanaorudi likizo. Nauli ya safari ndefu wameshalipa wenyewe. Unachowauzia ni kushuka, kulala usiku mmoja na kuendelea kesho. Kondakta akipewa kamisheni ya shilingi elfu 5 kwa kila abiria aliyelala Masoko, utakuwa umempata mteja kwa bei ya sahani ya wali na samaki.

Kundi la pili ni dogo ila lina mdomo: wapenzi wa historia. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aliyekuwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, aliokota sarafu za shaba, na tano kati yake zikaja kutambuliwa kuwa za Kilwa. Zilifikaje huko? Mpaka leo wataalamu wanabishana. Mtu anayekoseshwa usingizi na swali kama hilo hahitaji kubembelezwa aje. Anahitaji mwongozaji anayelijua, amsimulie akiwa amesimama Kisiwani penyewe.

Kabla ya yote hayo, liwekwe daftari gatini Masoko. Kila anayevuka aulizwe mambo matatu: nani alikwambia, jana ulilala wapi, kesho unaelekea wapi. Na yule asiyejua kuandika aandikiwe na nahodha.