Edison na Wahandisi wa Umeme (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia New York, tarehe 4 Septemba 1882, Edison alipowasha kituo chake cha Pearl Street. Leo tuanze na kasoro yake. Umeme ule ulikuwa wa mkondo mnyoofu, volti 110 tu. Ukivuka kilomita moja na ushee, sehemu kubwa iliishia kupasha waya moto. Chukua mfano wa huku kwetu Uganda: bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liko Jinja, kilomita 80 hivi kutoka Kampala. Kwa mfumo wa Edison, taa za Kampala zisingeliona bwawa hilo.

Dawa ilikuwa mkondo geu, ambao volti zake transfoma huzipandisha na kuzishusha. Ukizidisha volti mara 10, mkondo unaopita wayani hupungua mara 10, na upotevu hupungua mara 100. Ndiyo sababu nyaya huingia kituo cha Lugogo, Kampala, na volti 132,000, kisha zinashushwa hatua kwa hatua, hadi transfoma ya mtaani imalizie kwa zile 240 unazochomekea pasi.

Edison hakutaka kusikia. Mwaka 1889 aliandika makala akidai mfumo huo upigwe marufuku, eti unaua. (Kuua unaua, ila hata wake haukuwa wa kuchezea.) Mtaji wake ulikuwa umezama kwenye mkondo mnyoofu, hilo linajulikana. Mimi naongeza jambo la pili: mkondo geu hauendi bila hisabati nzito, na Edison, ambaye hakusoma chuo kikuu, hesabu alimwachia Francis Upton, msomi wa Princeton na Berlin.

Taaluma yenyewe ilikuwa changa. Taasisi ya Wahandisi wa Umeme ya Marekani iliundwa mwaka 1884, Edison akiwa mmoja wa makamu wa rais. Rais wake, Norvin Green, alikuwa daktari wa tiba aliyeishia kuongoza kampuni ya telegrafu! Mwaka 1888, mbele ya taasisi hiyohiyo, Nikola Tesla alieleza mota yake ya mkondo geu. Huku kwetu sheria ya kusajili wahandisi ilikuja mwaka 1969. Kwa utaratibu wa leo, Edison angeambiwa kwanza alete vyeti.

Mwaka 1904 marafiki zake walianzisha nishani yenye jina lake, ikawa inatolewa na taasisi. George Westinghouse, hasimu wake wa biashara, alitunukiwa ile ya 1911. Tesla, ya 1916.

Itaendelea.