Mwanafunzi mwenye ulemavu aandaliwe kabla ya mtihani, si baada yake

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, nyumba nyingi huingia katika mashauriano. Wazazi, wajomba na walimu hukaa kitako wakizipima alama za kijana: aende kidato cha tano, ajiunge na chuo, ajifunze ufundi, au afunguliwe biashara? Lakini yupo kijana ambaye mashauriano hayo aghalabu humpita. Naye ni yule asiyeona, asiyesikia, mwenye ulemavu wa viungo au mwenye ualbino. Watu humpongeza kwa kumaliza shule, wakamshukuru Mola, kisha wakamwacha akae nyumbani. Kumaliza kwake huhesabiwa kuwa ndiko kufika.

Leo tunapenda kulitazama jambo hili, kwa kuwa si dogo wala si la wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa namna fulani. Hoja yetu ni moja: maandalizi ya kijana huyu kwa ajili ya chuo na kazi yaanze angali darasani, na yaanze kwa kumsikiliza yeye mwenyewe.

Wasomaji wetu wanaijua habari ya Swahaba Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), aliyekuwa haoni. Alimwendea Mtume (S.A.W.) kutafuta elimu wakati Mtume ameshughulika na wakubwa wa Makureshi, na kwa ajili yake zikateremshwa aya za mwanzo za Suratu Abasa. Masimulizi yetu mengi hukomea hapo, tukayasahau yaliyofuata. Mtu yule alipewa kazi. Alikuwa miongoni mwa waadhini wa Mtume pamoja na Bilal (R.A.), na zaidi ya mara moja aliachwa Madina awasalishe watu Mtume alipokuwa safarini. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba hakuwa akiadhini alfajiri mpaka aambiwe kuwa kumepambazuka.

Hapa pana mazingatio makubwa. Alfajiri hujulikana kwa macho, naye macho hakuwa nayo. Pamoja na hayo, hakuambiwa kuwa kazi hiyo haimfai, wala hakuwekwa mtu wa kuadhini badala yake huku yeye akibakiwa na jina tu. Kazi ilikuwa yake, na wenzake walimtimizia lile moja alilolikosa: kumwambia kuwa wakati umeingia. Huo ndio msaada tunaouzungumzia. Tumuulize kijana anataka kuwa nani, kisha tutafute ni kitu gani amekikosa katika njia hiyo, tumtimizie hicho.

Huenda akatokea mwenye kusema kwamba hayo yalikuwa ya Maswahaba. Basi na aitazame karne iliyopita. Taha Hussein wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1889, alipoteza uwezo wa kuona angali mtoto mdogo kijijini. Alihifadhi Qur'ani chuoni, akaenda Al-Azhar, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Misri na kupata shahada ya udaktari mwaka 1914. Baada ya hapo akaendelea na masomo Ufaransa akisomewa vitabu na wengine. Mwaka 1950 akawa Waziri wa Elimu wa nchi yake. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Alikuwa na bidii, lakini pia alipata wa kumsomea na milango iliyokuwa wazi.

Turejee kwetu. La kwanza ni uchaguzi wa masomo. Wapo wanafunzi wasioona wanaoachishwa hisabati au sayansi mapema, na wenzao wasiosikia wanaoelekezwa kwenye kazi za mikono bila ya kuulizwa. Uamuzi huo wa siku moja, uliofanywa kijana akiwa na miaka 14 au 15, ndio unaomfungia uhasibu, uchumi au elimu ya kompyuta miaka mingi baadaye. Mzazi amuulize mwalimu swali lililo wazi: somo hili limeachwa kwa kuwa kijana halitaki, au kwa kuwa shule haina kifaa na mwalimu aliyesomea elimu maalumu? Kifaa hutafutwa, na mwalimu huombwa. Mlango wa somo ukishafungwa ni taabu kuufungua.

La pili ni ujuzi wa zana atakazozikuta mbele. Maandishi ya nukta nundu ni msingi kwa asiyeona, lakini chuoni masomo mengi yamo katika kompyuta. Ipo programu iitwayo NVDA, iliyoanza mwaka 2006, inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye kompyuta, nayo hupatikana bure. Kijana anayejifunza kuitumia akiwa kidato cha pili hataanza chuo akiwa nyuma ya wenzake. Asiyesikia naye apate lugha ya alama iliyo timamu pamoja na kusoma na kuandika vyema, na kabla ya kuchagua chuo iulizwe kama kina wakalimani. Mwenye ualbino au uoni hafifu azoee kudai maandishi makubwa na nafasi karibu na ubao. Baraza la Mitihani huandaa mitihani ya nukta nundu na ya maandishi makubwa, na huwaongezea muda wanaostahiki. Shule sharti itoe taarifa za mtahiniwa mapema.

La tatu ni nyaraka. Fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo hujazwa kijana angali kidato cha nne, na asijaziwe na mwingine bila ya yeye kujua kilichoandikwa. Anayekusudia kuomba mkopo wa elimu ya juu ajue kwamba Bodi ya Mikopo huwatambua waombaji wenye ulemavu, ila hutaka uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Karatasi hiyo moja, ikitafutwa siku za mwisho, huweza kumkosesha mtu mwaka mzima.

La nne ni kazi yenyewe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Lakini sheria haimwandikii mtu barua ya maombi. Kijana afundishwe kusema mbele ya mwajiri, bila ya haya wala kuomba huruma: kazi hii naiweza, na ninachohitaji ni kitu fulani. Wafanyabiashara tunaoswali nao safu moja wamfungulie karakana, duka au ofisi wakati wa likizo, ajionee kazi ilivyo. Kwa asiyeelekea chuo kikuu vipo vyuo vya VETA, na kipo chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu cha Yombo, Dar es Salaam. Akitaka kujiajiri, katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, asilimia 2 ni fungu la watu wenye ulemavu.

Linabaki la nyumbani, nalo ndilo zito. Wapo wazazi ambao mapenzi yao yamekuwa kifungo. Kijana haachwi avuke barabara kwa fimbo yake nyeupe, haachwi apike, wala hashiki fedha hata ya nauli. Mapenzi hayo hayana shaka, lakini chuoni mama hatakuwapo. Samaki mkunje angali mbichi: atumwe dukani, asafiri, akosee na ajirekebishe akiwa karibu nasi.

Tunazishauri kamati za misikiti na walimu wa madrasa waulizie, kuanzia wiki hii, ni wanafunzi wangapi wa sekondari wenye ulemavu waliomo mtaani mwao, na kila mmoja yuko kidato gani. Kisha wamwendee aliye kidato cha pili, kwani muda wake bado upo, wakae naye na kumuuliza anataka kuwa nani. Wamsikilize mpaka amalize.

Wabillahi tawfiq.