Mshale unasema 50, pikipiki inakwenda 46

Mfanyabiashara wa maharage anayevuka Namanga hanunui gunia kabla hajaikagua mizani. Hutazama kama inaanzia sifuri, hutafuta stempu ya Wakala wa Vipimo ikiwa yuko upande wa Tanzania, na akiwa na shaka hupanda mwenyewe juu yake, kwa kuwa uzito wake anaujua. Kisha mzigo hufungwa kwenye pikipiki, bei ya safari hupatanwa kwa kilomita, na hesabu yote iliyobaki huachiwa kisahani kilicho mbele ya dereva. Kisahani hicho hakikaguliwi na mtu.

Ndani yake mna vipimo viwili, ingawa wengi huvichukulia kuwa kimoja. Mshale unaonyesha mwendo. Tarakimu zinazosogea polepole chini yake zinahesabu kilomita. Katika pikipiki nyingi za mshale vyote viwili vinaendeshwa na waya mmoja wa spidi unaotoka kwenye habu ya gurudumu la mbele, lakini ukishaingia kwenye dashibodi kila kipimo kinashika njia yake. Kilomita zinahesabiwa kwa meno ya gia: gurudumu likizunguka idadi fulani, tarakimu inasogea. Mshale hausukumwi na gia. Waya unazungusha sumaku kando ya kikombe chepesi cha alumini. Sumaku inakiburuta kikombe bila kukigusa, na springi nyembamba kama unywele inakizuia. Sumaku ikienda mbio zaidi, springi inazidiwa na mshale unapanda. Mjerumani Otto Schulze alisajili kifaa cha aina hii mwaka 1902, na leo bado kinazunguka katika pikipiki zinazobeba nyanya na mitumba kati ya Nairobi na Arusha.

Kwa hiyo mshale unaweza kudanganya huku kilomita zikisema kweli. Na mara nyingi mshale umetegwa kiwandani uzidishe. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayotumiwa na nchi nyingi kuidhinisha vyombo vya moto, inataka spidomita isionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ule halisi. Kuzidisha kunaruhusiwa: sehemu moja ya kumi ya mwendo halisi, na kilomita 4 juu yake. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa inaweza basi kuonyesha 50, 55 au hata 59, na ikapita katika majaribio. Mtengenezaji anaona heri dereva achelewe kidogo kuliko akamatwe na kumlaumu yeye.

Hasara ya mshale unaozidisha ni ya muda. Namanga hadi Arusha ni kama kilomita 110. Kwa mwendo wa 50 safari hiyo ni saa mbili na dakika 12. Kwa 46 inakaribia saa mbili na dakika 24. Dakika hizo hazimfilisi mtu, labda awe amebeba samaki.

Kinachoumiza zaidi ni kilomita zinazozidishwa, kwa kuwa hizo ndizo zinazolipiwa. Mfanyabiashara anayekodi pikipiki kwenda na kurudi kilomita 220, mara mbili kwa wiki, hulipia kilomita 1,760 kwa wiki nne. Kipimo kikizidisha kwa asilimia 5, amelipia takribani kilomita 84 ambazo hakuna gurudumu lililozipita. Dereva naye anaweza kuwa hajui. Anasoma anachokiona.

Makosa ya namna hiyo huanzia kwa fundi kuliko kiwandani. Tairi la mbele la 2.75-17 lina mzunguko wa karibu mita 1.80. Likiwekwa gurudumu la inchi 18 lenye tairi la unene uleule, mzunguko unafika karibu mita 1.88. Gurudumu kubwa linazunguka mara chache zaidi katika kila kilomita, basi mshale na kilomita vyote vinapunguza kwa zaidi ya asilimia 4. Hapo mwenye pikipiki ndiye anayepunjwa, na dereva anayedhani yuko 50 ameshapita. Kenya na Tanzania zote mbili zina ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na tochi ya askari inapima pikipiki yenyewe, haijali tairi lililofungwa. Tairi lililoisha au lenye upepo mdogo hufanya kinyume: gurudumu linakuwa dogo, vipimo vinazidisha. Lakini yote hayo ni madogo ukilinganisha na dashibodi ya pikipiki nyingine, au gia ya habu ya aina nyingine, iliyofungwa kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani siku ile. Hapo kosa linaweza kuwa la kiasi chochote.

Kuna pia pikipiki ambazo mwendo wake hausomwi kwenye gurudumu la mbele bali kwenye injini, upande wa gia. Mwenye nayo akibadilisha sproketi ili ipande vilima na mzigo, amebadilisha na kipimo bila kujua.

Kukagua hakuhitaji fundi. Kinachohitajika ni simu, barabara iliyonyooka na mtu wa pili, maana anayeendesha hawezi kusoma simu na barabara kwa wakati mmoja. Simu yenye programu ya kuonyesha mwendo inapokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja. Haihitaji bando. Hapo mpakani, ambapo laini hurukaruka kati ya mtandao wa nchi moja na nyingine, hilo ni jambo la kushukuru: setilaiti hazijui geti liko wapi. Dereva ashike mwendo mmoja, tuseme 40 kwa mshale, kwa sekunde 15 au 20 bila kuongeza wala kupunguza mafuta, kwa sababu simu huchelewa kidogo kufuata mabadiliko. Abiria asome na kukumbuka. Kisha 50, kisha 60 pale sheria inaporuhusu. Mabondeni na chini ya miti mingi simu hubabaika, hivyo sehemu ya wazi kama tambarare za Longido inafaa zaidi.

Asiye na programu hiyo anaweza kutumia saa na nguzo za kilomita zilizo kando ya barabara kuu. Kwa mwendo wa 50, kilomita 5 humalizika kwa dakika 6 kamili, yaani sekunde 360. Zikichukua dakika 6 na nusu, mwendo halisi ni kilomita 18,000 zilizogawanywa kwa sekunde 390, ambayo ni 46. Kilomita 5 ni bora kuliko moja, kwa kuwa kuchelewa sekunde moja kubonyeza saa hakuharibu hesabu.

Nguzo hizohizo ndizo za kukagulia kilomita, na ukaguzi huu usichanganywe na ule wa mshale. Andika tarakimu ukiwa kwenye nguzo ya kwanza, andika tena kwenye ya kumi na moja. Tofauti iwe 10. Ikiwa 10 na mshale unazidisha, pikipiki ni ya kawaida na nauli ya kilomita haina tatizo. Ikiwa 10 na nusu, bei ipatanwe upya, au tairi la mbele litazamwe kabla ya ugomvi.

Kwa anayenunua pikipiki iliyotumika, ukaguzi huo unaonyesha kipimo kinafanyaje leo tu, si miaka iliyopita. Waya wa spidi ukikatika mshale unalala kwenye sifuri na kilomita zinasimama, na pikipiki inaweza kufanya kazi mwaka mzima hivyo. Pikipiki yenye kilomita 9,000 lakini raba za kukanyagia zimelainika kabisa na meno ya sproketi yamechongoka haikuanza kazi juzi. Mshale unaotetemeka, kwa upande mwingine, mara nyingi ni waya uliokauka grisi. Hiyo si sababu ya kuacha kununua, ila ni sababu nzuri ya kuomba punguzo.

Matokeo yakishapatikana yaandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta na kubandikwa juu ya tangi: 40 ni 37, 50 ni 46, 60 ni 55. Plasta hiyo ibanduliwe siku tairi la mbele litakapobadilishwa, na safari ya nguzo 11 irudiwe.